Kukatwa na Mashine Iliyozimwa

Mafundi wa siku hizi wanaokuja kununua msasa na vanishi kibandani kwangu huniuliza, mama, mashine ipi bora, zile za zamani au hizi za kisasa? Wanajua nimekaa na zote mbili. Mie nawaambia waniambie kwanza wanataka ubora gani, maana kuna ubora wa kona na kuna ubora wa vidole. Wanacheka, wanadhani natania. Wakizidi kucheka napandisha sauti mpaka wananyamaza, kwa sababu hasira zangu hapa mtaani wanazijua toka zamani.

Nazungumzia ile misumeno ya umeme ya kukatia kona. Ubao unaulaza juu ya meza ndogo ya chuma, bleidi inakuwa juu yake, unashika mpini, unaivuta kuja kwako, unaishusha, halafu unaisukuma ndani ya ubao. Ukigeuza meza unapata kona ya fremu, ukikiinamisha kichwa chake unapata mkato wa mshazari. Kazi ambayo kwa msumeno wa mkono ilikuwa inakula asubuhi nzima, hapo unaimaliza chai haijapoa. Mume wangu alikuwa na mashine hiyo kabla Manzese nzima haijajua kuwa kitu kama hicho kipo.

Mume wangu ni mtu wa kusini, mpole, wa maneno machache. Mie Mzaramo wa Temeke, na maneno ya watu wawili nayasema peke yangu. Alifanya kazi katika kiwanda cha samani cha serikali miaka kumi na mitatu, mpaka mageuzi yalipokuja na wafanyakazi wakaanza kupunguzwa. Siku ya kufunga kiwanda wenzake waligombania viti, mapangaboi na makabati ya faili. Yeye akaomba auziwe ule msumeno aliokuwa akiufanyia kazi, akakubaliwa, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Aliufikisha nyumbani kwa mkokoteni, kutoka Barabara ya Pugu mpaka Manzese, akisukuma yeye na mwenzake mmoja wa kiwandani. Huyo mwenzake ni mtu mnene, mcheshi, na mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Viwili aliviacha kiwandani.

Niuseme kwa haki ule msumeno wa zamani, ingawa nilikuwa siupendi. Ulikuwa chuma kitupu, rangi ya kijani imebanduka, na kuunyanyua walihitajika wanaume wawili wenye migongo mizima. Kichwa chake kiliteleza juu ya bomba moja tu, nene, ambalo lazima ulipake grisi kila Jumatatu. Kilikuwa kinainama upande mmoja, wa kushoto, kwa hiyo ukitaka mkato wa kulia inabidi uugeuze ubao wenyewe na upige hesabu kichwani. Namba za nyuzi za kona kwenye meza zilikuwa zimefutika, mume wangu akazichonga upya kwa msumari. Kaboni za mota zikiisha, dukani hazipo. Tulikuwa tunavunja betri za tochi zilizokufa, tunatoa ule mkaa wa katikati, na yeye anausugua kwenye sakafu ya saruji mpaka unaenea mahali pake. Majirani walikuwa hawatupi betri, wananiletea mie.

Kubwa zaidi, msumeno ule haukuwa na breki. Ukizima swichi bleidi ilikuwa inaendelea kuzunguka yenyewe huku inalia, sauti inashuka taratibu, mpaka inasimama. Kiwandani walifundishwa kuhesabu. Ukizima, unaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, unahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili, ndipo unagusa ubao. Wengi waliiacha hesabu hiyo walipoizoea kazi, ndiyo maana ukikusanya mafundi ishirini wa kiwanda kile hupati vidole mia mbili. Mume wangu hakuiacha. Moja, mbili, tatu, mikono nyuma kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu, kila mkato, kutwa nzima.

Mtaani ikawa kichekesho. Mama muuza uji wa ng'ambo ya njia alikuwa akimhesabia, akifika saba anarukia kumi na mbili, anamwambia haya chukua. Yeye anatabasamu, anaendelea na nane. Mie ndo nilikuwaga sicheki. Nimechutama pembeni na msasa wangu, vumbi limenijaa puani, mteja kasimama, na huyu bwana kaweka mikono nyuma anahesabu. Siku moja nikamwambia, mwanaume wewe, nusu ya maisha yako utaimaliza mikono nyuma. Akanijibu, na nusu nyingine nitaimaliza nikiwa nayo.

Sifa yake ilikuwa hiyo. Wale wenzake wa kiwandani wakikutana, msibani au sikukuu, yule mnene alikuwa anaishika mikono ya mume wangu na kuwaonyesha watu vidole kumi. Tazameni, anasema, huyu ndiye fundi, sie wengine tulikuwa tunabahatisha. Mume wangu anajifanya kuona aibu, lakini mikono haivuti. Hakuwa na nyumba ya maana wala baiskeli ya maana, na kazini alikopoteza ujana wake walimpa barua ya mistari mitano. Kwamba yeye ni fundi makini, hilo ndilo alilotoka nalo, na watu walikuwa wanalijua mpaka Magomeni. Mie nililijua kuliko wote.

Mambo yakawa ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yakaanza kujaa vitu vya Dubai: pasi, mablenda, mashine za kila aina kwenye maboksi yenye picha za wanaume waliovaa miwani na kutabasamu. Watu wakaanza kujenga, Boko huko, Bunju, sehemu tulizokuwa tunaziita porini. Kila anayejenga anataka milango, na anaitaka jana. Mafundi wengine wakaanza kupata mashine mpya, na wateja wetu wakaanza kupungua mmoja mmoja. Zamu yangu ya upatu ilipofika sikununua kitenge wala sufuria. Nilikwenda Kariakoo nikanunua msumeno mpya, nikauleta mwenyewe kichwani.

Ndiyo, kichwani. Huo ndio ubora wa kwanza niliomwonyesha. Nikamwambia, tazama, mwanamke nimeubeba peke yangu, lile lako mpaka tuite mkutano wa kijiji. Ulikuwa wa aluminiamu na plastiki, umelala kwenye boksi, umezungushiwa maboya meupe. Kichwa chake kilikuwa kinateleza juu ya reli mbili nyembamba zinazong'aa, hazitaki grisi. Kilikuwa kinainama kushoto na kulia. Ukiigeuza meza ikifika nyuzi arobaini na tano inagonga tak, inakaa yenyewe. Ulikuwa na kimfuko cha kukusanyia vumbi, na mie mwenye mafua ya vumbi mwaka mzima nilikibusu kile kimfuko. Na ulikuwa na breki. Ukiachia swichi, bleidi inajikamata palepale, hata tatu hujamaliza kutamka.

Mume wangu aliuzunguka siku nzima bila kuugusa. Akazitikisa zile reli kwa kidole, akasema nyembamba. Akagonga kile kifuniko cha bleidi, akasema plastiki. Akaniuliza karatasi ya maelekezo iko wapi, nikampa. Ilikuwa ya Kijapani upande mmoja na Kiingereza cha herufi ndogo upande wa pili, akaitazama kwa heshima, akaikunja. Nikamwambia mashine haihitaji kusomewa hitima, inahitaji kuwashwa. Hakunijibu, na mie mtu asiponijibu ndo ananichochea.

Jumapili yule mwenzake mnene akaja, tukafanya mashindano. Ubao mmoja wa mninga, kona moja kwa kila msumeno, halafu unaziunganisha na kujaribu kupitisha wembe kwenye maungio. Kona ya msumeno wa zamani, wembe uliingia kidogo, kwa sababu lile bomba lilishaanza kulegea na kichwa kilikuwa kinacheza. Kona ya msumeno mpya, wembe ulikataa kabisa. Mie nikapiga vigelegele, mama wa uji akaja kuuliza kuna harusi gani. Mwenzake akasema, ndugu yangu, mkeo kakushinda. Mume wangu akaushika ule ubao, akapitisha kidole gumba kwenye ungio, akasema kona nzuri, sina neno. Halafu akasema huu ni mpya leo, tuuone na mwaka kesho. Alisema kweli, maana hata mwaka haukwisha reli moja ilikuwa imeshapinda kidogo na tak yake ya arobaini na tano imekuwa arobaini na nne, ila hayo si ninayotaka kuyasema.

Msumeno wa zamani niliuuza mie. Alipatikana fundi mmoja wa Temeke, jirani na kwa wazazi wangu, akaja na mkokoteni. Mume wangu alikuwa amekwenda msikitini, akarudi akakuta patupu, alama za miguu minne ya chuma zimebaki kwenye sakafu. Akaniuliza, ulimwambia kuhusu kuhesabu? Nikasema nimemwambia. Sikuwa nimemwambia.

Kwenye ule mpya akaendelea na hesabu yake. Bleidi imeshasimama, imetulia tuli, na yeye mikono nyuma, nne, tano, sita. Hapo ndipo mdomo wangu ulipopata kazi. Nilimsema asubuhi, nilimsema jioni, nilimsema mbele ya wateja. Nikamwita bwana saa mbovu. Nikamwuliza kama anamhesabia shetani. Na mwanaume ukimchokonoa kila siku mwishowe anapungua. Kwanza akaacha kuhesabu kwa sauti, akawa anachezesha midomo tu. Halafu akawa anaishia tano. Halafu ile mikono ya nyuma ikawa inaning'inia pembeni. Mie nikaona nimemtengeneza, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alikuwepo mteja anayejenga Boko, bwana mmoja wa ofisini, amekuja na pikapu kuchukua mbao za kuzungushia fremu za milango. Tulimwahidi saa nane, na saa tisa mbao nne zilikuwa bado hazijakatwa. Yule bwana anatazama saa, anazungusha funguo kidoleni, anaguna. Mtu akiguna mbele yangu damu inanipanda, ila mteja huwezi kumrudishia, kwa hiyo hasira zangu zikawa zinatafuta pa kwenda.

Mume wangu akavuta, akashusha, akasukuma. Mkato ulipomalizika tu, kichwa bado kiko chini, umeme ukakatika. Miaka ile ya mgao tulishazoea, lakini siku hiyo haikuwa zamu yetu. Vyote vilinyamaza kwa pamoja: mashine ya kusaga ya jirani, redio ya kinyozi, jamaa aliyekuwa anachomelea geti. Mume wangu akaachia swichi. Kipande kifupi cha ubao kilikuwa kimelala pembeni ya bleidi, ndicho tulichokuwa tunakitaka. Akarudisha mikono nyuma ya mgongo, yote miwili, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nyingi, akaanza kwa sauti. Moja. Mbili.

Nikasema, tena kwa sauti ya kumfurahisha mteja, "We baba, unahesabu nini na umeme wenyewe haupo? Toa ubao, mwenzio aondoke."

Mteja akacheka. Mume wangu akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, ile ya mwanaume aliyechekwa na mkewe mbele ya mgeni. Akapeleka mkono wa kushoto kuchukua kile kipande.

Bleidi ilikuwa bado inazunguka. Haikulia kama ile ya zamani, ilikuwa nyembamba, nyepesi, inazunguka kimya, kwa kuitazama ungesema imesimama. Hakupiga kelele. Alisema tu "ah," sauti ya mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaushika mkono wake kwa mkono mwingine. Mie nilidhani amejikwaruza. Nikaona vumbi la mbao chini linabadilika rangi, ndipo nikaelewa, na kile nilichokifanya nilikielewa palepale, sikuhitaji kufafanuliwa na mtu. Mteja alitupeleka hospitali kwa pikapu yake. Njia nzima mkono ulikuwa umefungwa kwa kanga yangu, na mie nikiwa nimekaa nyuma, nimemshika.

Vidole viwili, cha pili na cha kati. Mama wa uji ndiye aliyevitafuta kwenye vumbi la mbao na kutuletea kwenye kibakuli, akidhani vitarudishwa. Daktari alitikisa kichwa. Shehe wa msikiti wetu akasema vizikwe, ni sehemu ya mwili wa Muislamu. Nilivifunga kwenye kitambaa cheupe cha bafta, kipande kidogo kama cha kufungia hirizi, na yule mwenzake mnene akavipeleka makaburini. Alirudi magotini ana udongo. Akaniambia amevizika yeye peke yake, na kwamba vyake mwenyewe, zamani kiwandani, vilifagiwa pamoja na takataka.

Huyo huyo ndiye aliyemwuliza. Tulikuwa wodini, mume wangu kajiegemeza, mkono umefungwa bandeji nene. Mwenzake akasema, niambie, ilikuwaje, wewe wa kuhesabu? Nilikuwa nimesimama upande wa miguuni, nimeshika birika la uji. Mume wangu hakunitazama. Akasema, haraka zangu tu, ndugu yangu. Sikuhesabu.

Mwenzake akasema, "Hata wewe."

Na mie nilihisi nini? Niseme ukweli, maana nimeshazeeka. Nilihisi nafuu. Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa pale nikamimina uji bila kumwaga hata tone. Wakwe zangu toka siku ya kwanza walikuwa wakisema mdomo wa mwanamke huyu utamponza kijana wetu. Dada yake mkubwa alisema hivyo hata siku ya kunitoa ndani. Ningetamka neno moja pale wodini, lingefika kwao Masasi kabla ya basi la kesho yake. Kwa hiyo nikajikaza kisabuni, nikamtilia mgonjwa sukari kwenye uji.

Manzese haina siri wala huruma. Habari ikatembea kwamba fundi kakatwa na mashine iliyozimwa. Hebu sikiliza maneno hayo yalivyo. Mtu akikatwa na mashine inayonguruma ni ajali ya kazi, watu wanatoa pole. Akikatwa na mashine iliyozimwa ni kituko. Wengine wakasema alisinzia, wengine wakasema macho yamekwisha. Wapo waliosema kumbe hata ile hesabu ilikuwa mbwembwe. Mteja mmoja aliyekuwa amelipia makabati ya jikoni alikuja akasema kwa adabu zote kwamba kazi yake angependa ifanywe na mtu mwingine. Mume wangu akamsaidia kupakia mbao zake. Mie nilikuwa nasugua mlango mmoja, nikausugua mpaka nikautoboa msasa.

Baadaye fundi umeme aliyekuja kutazama waya alitueleza. Breki ile inakula umeme ule ule. Ukiachia swichi umeme ukiwepo, mota inajikamata. Umeme ukikatika, na breki imekwenda, bleidi inabaki na mbio zake mpaka zichoke zenyewe. Akasema pengine imeandikwa kwenye karatasi. Mume wangu akaitoa ile karatasi kwenye sanduku la zana, akampa, na kijana yule akasoma kwa kidole mpaka akaifikia. Ilikuwa imeandikwa. Mistari miwili. Mume wangu akasema, kumbe, na kuikunja tena.

Nikaenda Temeke kutaka kuurudisha ule wa zamani. Niliona nikimrudishia msumeno wake nitakuwa nimelipa. Yule fundi alikuwa ameshauvunja, mota ameifunga kwenye jiwe la kunolea mapanga, lile bomba amelitia saruji likawa nguzo ya geti. Akasema mashine ilikuwa inazunguka sana baada ya kuzimwa, ilimtisha. Nilisimama kwenye lile geti nikilia, watu wa kwetu wakadhani nimefiwa.

Usiku huo nilimwuliza mume wangu, mara moja tu, kwa nini hukusema? Hakujifanya kutoelewa. Akasema mdomo wako, lakini mkono wangu. Nani aliupeleka? Nikamwambia ni mie. Akasema, mama, lala. Aliendelea kufanya kazi kwa ule ule msumeno mpya, akashika ubao kwa vidole vitatu, akarudia hesabu yake kwa sauti mpaka kumi na mbili, na sasa hakuna aliyemtania. Walikuwa wakimtazama kwa jicho la kumwonea huruma, kama mtu anayefunga mlango baada ya mwizi kuondoka. Kazi zilizokuja zilikuwa ndogondogo, vigoda, vibao vya kukatia mboga, kurekebisha mlango wa choo.

Ikapita miaka mitatu hivi. Idi pili moja wenzake wa kiwandani walikuja kwetu, wanaume saba, tukawatandikia mkeka uani. Nilipika pilau kwa moyo wote. Wakala, wakaanza hadithi zao za kazi, nani alimtoroka msimamizi, nani alificha mbao za mkuu. Yule mnene, ambaye hakuwa na ubaya hata chembe, akasema sie wote tulikatwa na mashine zinazofanya kazi, huyu bwana peke yake kakatwa na iliyokwenda kulala. Wakacheka wote. Mume wangu akacheka nao, mkono wa kushoto ameuweka chini ya paja. Nilikuwa nimebeba bakuli la kachumbari. Nikaona ule mkono ulivyofichwa, na kitu kikanikatika ndani.

Nikaliweka bakuli chini. Nikasema, jamani nisikilizeni. Huyu alikuwa anahesabu. Alihesabu moja, akahesabu mbili, mikono iko nyuma, na mie nikamkemea mbele ya mteja nikamwambia atoe ubao. Ni mie. Hakusahau, hakusinzia, hana haraka na hajawahi kuwa nazo. Miaka yote hii ananibebea, na mie nimenyamaza kwa kuogopa wakwe. Nilisema yote, mpaka msumeno nilivyouuza yeye akiwa msikitini. Machozi yalikuwa yanashuka, sikuyafuta.

Nikangoja. Nilitaka wanitukane. Nilitaka yule mnene ainuke anitemee mate, halafu amshike mume wangu mikono awaonyeshe watu kama zamani.

Yule mnene akatikisa kichwa polepole, machozi yamemlengalenga. Akasema, "Mmeona wenzangu? Hivi ndivyo mke anavyomsitiri mumewe." Mwingine akasema wanawake wa namna hii wamekwisha duniani, wa kwake yeye angemtangaza mpaka Ubungo. Nikasema hapana, hamnielewi, nasema kweli. Wakazidi kunisifu. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia, waambie. Alinitazama kwa upole ule ule. Akasema, "Mwacheni, ndivyo alivyo, hapendi nisemwe."

Yule mnene akasema kwa mke kama huyu tuinue mikono. Wakainua wote, na mume wangu akainua ya kwake, wakaniombea dua ndefu, Mungu anijalie afya kwa ninavyomhifadhi mume wangu, wakawa wanaitikia amini. Mie nilikuwa nimesimama katikati yao, na wote walikuwa wananingoja. Nikaitikia amini.